SOMO LA HISTORIA: COLLINS INJERA NA RAGA YA WATU SABA

Chukueni daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarakimu kadhaa. Habari zetu ni za Collins Injera, mchezaji wa raga wa Kenya.

Raga huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huubeba mikononi, akavuka mstari wa wapinzani na kuugusisha chini. Hapo amefunga trai, na timu yake hupata pointi 5. Raga ya kawaida ina watu 15 kila upande. Ile ya watu 7 ilianzishwa mwaka 1883 katika mji mdogo wa Melrose, huko Uskochi, na muuza nyama aitwaye Ned Haig, klabu yake ilipohitaji fedha. Uwanja ni ule ule mpana, lakini watu hawafiki nusu. Hucheza dakika 7, hupumzika kidogo, kisha dakika 7 tena. Msidhani ni kazi nyepesi! Timu huingia uwanjani mara kadhaa kwa siku moja, na mwenye mapafu mabovu huonekana upesi.

Injera alizaliwa mwaka 1986. Alichezea klabu ya Mwamba ya Nairobi, na mwaka 2006 akaanza kuichezea Kenya. Kaka yake, Humphrey Kayange, alikuwamo katika timu, na mdogo wao, Michael Agevi, naye aliichezea nchi. Majina yasiwababaishe, ni ndugu hasa.

Katika msimu wa 2008–2009 Injera alifunga trai 42, akawapita wachezaji wote wa dunia. Msimu huo huo, Machi 2009, Kenya ilikwenda Dubai kushindania Kombe la Dunia. Iliifunga Fiji 26 kwa 7, hata watu wakaanza kuota kikombe. Katika nusu fainali Argentina ikaishinda 12 kwa 0.

Basi miaka ikapita. Trai zilikuwa nyingi, kikombe hakuna.

Tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya ilikutana na Fiji katika fainali. Mwalimu wa timu alikuwa Benjamin Ayimba, yule yule wa Dubai, ambaye alifariki mwaka 2021. Kenya ilishinda 30 kwa 7, naye Injera alikuwa miongoni mwa waliofunga. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Kenya katika mashindano hayo ya dunia.

Mwezi uliofuata, mjini London, Injera alizipita trai 230 za Santiago Gómez Cora wa Argentina, akawa wa kwanza duniani kwa hesabu hiyo. Hakukaa juu siku nyingi. Mwaka 2017 Dan Norton wa Uingereza alimpita. Kwa maoni yangu, siku ya Singapore ni kubwa kuliko ile ya London, maana kikombe kile hakuna awezaye kukipita.

Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, Injera na Kayange walicheza pamoja. Kenya ilishindwa mechi zake zote 3 za kundi, na Fiji ikachukua dhahabu. Mwaka 2021 Injera alicheza tena Olimpiki, mjini Tokyo. Hesabu yake katika mashindano ya dunia ilifika trai 279.

Sasa andikeni 279, chini yake 230, mtoe. Someni jibu kwa sauti. Kwaherini.