Bastola za Eibar: Bei Nafuu Mbele ya Chapa Kubwa

Eibar ni mji mdogo wa Wabaski uliobanwa katika bonde jembamba la mkoa wa Gipuzkoa, kaskazini mwa Hispania. Kwa karne kadhaa wakazi wake waliishi kwa kutengeneza silaha. Kazi yenyewe haikufanyika chini ya paa moja: fundi huyu alitengeneza mitutu, yule vifyatulio, mwingine vitako vya mbao, kila mmoja nyumbani au katika karakana yake, kisha mfanyabiashara akakusanya vipande na kuviunganisha. Utaratibu huo ulishusha gharama, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kujenga kiwanda kikubwa wala kununua mashine nyingi. Ni huo huo uliokuja kuiponza bastola ya Eibar.

Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi hao waliiga rivolva za Smith & Wesson za Marekani, na baadaye bastola zilizobuniwa na John Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji. Uigaji haukuwa siri, na wanunuzi wasiomudu bei ya Colt au FN walikuwa tele. Si haki kuwadharau mafundi wa Eibar, kwani mji huo huo ulisifika kwa kutia nakshi za dhahabu kwenye chuma. Unafuu ulitokana na kupunguza, si na kutojua kazi. Bastola ya Browning ya mwaka 1903, kwa mfano, ilikuwa na kizuizi nyuma ya mpini kilichoizuia kufyatuka mpaka mkono uukamate mpini sawasawa. Katika nakala zao nyingi kizuizi hicho kiliondolewa, ikabaki swichi moja tu ya usalama juu ya kifyatulio.

Mwaka 1914 kampuni ya Gabilondo y Urresti ilianza kuuza Ruby, bastola ya milimita 7.65 ya mtindo huo. Magazini yake ilibeba risasi 9, wakati ile ya FN ya mwaka 1910 yenye kipenyo hicho hicho ilibeba 7. Mtu akitazama bei na idadi ya risasi peke yake, Ruby ilishinda.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na upungufu mkubwa wa bastola, na mwaka 1915, baada ya kuijaribu Ruby, likaagiza 10,000 kila mwezi. Agizo lilipanda haraka hadi 30,000. Gabilondo hakuyaweza hayo peke yake, akaingia mkataba na makampuni jirani. Wafaransa nao, wenye haraka zao, wakaanza kununua moja kwa moja kwa yeyote aliyeweza kutengeneza. Hatimaye makampuni zaidi ya 40 yalikuwa yakitoa bastola ile ile, yaani ile ile kwa sura tu. Wengine walitumia chuma laini kilicholika upesi. Swichi ya usalama ilikuwa na tabia ya kusukumwa bastola ilipochomolewa kwenye ala, hadi ikabidi baadhi ziwekewe kinundu ubavuni cha kuizuia. Kubwa zaidi, magazini ya kampuni moja mara nyingi haikuingia kwenye bastola ya nyingine. Ikalazimu bastola na magazini zipigwe herufi za kampuni iliyozitengeneza, ili askari asijikute na risasi mkononi asizoweza kuzitumia.

Uingereza nayo ilinunua Eibar rivolva za .455 kutoka kwa makampuni mawili, ‘Garate, Anitua’ na ‘Trocaola, Aranzabal’, kwa sababu kiwanda chake cha Webley hakikukidhi mahitaji. Makampuni yaliyouza yalikuwa machache, na mkanganyiko ukawa mdogo.

Kwa hiyo swali la kama bastola ya Eibar ilistahili bei yake lina majibu mawili. Ruby zilizotoka kwa Gabilondo mwenyewe zilikuwa silaha nzuri, na mtu binafsi mwenye moja pamoja na magazini yake hakuwa na la kulalamikia. Jeshi lenye mamia ya maelfu lilikuwa na hesabu nyingine. Aliyelipia FN alinunua pia uhakika kwamba kipande cha bastola hii kitaingia kwenye ile, na uhakika huo ndio uliokosekana Eibar, maana karakana hazikuwa na vipimo vya pamoja.

Amani iliporudi maagizo yalikatika. Katika miaka ya 1920 upimaji rasmi wa silaha ukawa wa lazima, na wengi wakabadili biashara: Alfa ikageukia cherehani mwaka 1925, Beistegui Hermanos na Orbea baiskeli. Gabilondo aliboresha kazi yake na kuuza bastola kwa jina la Llama. Star na Astra, wenzake wakubwa wa Kibaski, waliendelea hadi mwaka 1997, walipofunga milango. Baiskeli za Orbea zinauzwa hadi leo.