Nani Aliamua Barua Yako ni Takataka?

Wasee, kabla hujalaumu kampuni iliyokunyamazia baada ya kutuma CV, jiulize kama barua yako ilionwa na mtu yeyote. Inawezekana ilifika mlangoni, mashine ikaihukumu, ikatupwa folda ya spamu na kesi ikaisha hapo. Nimekuwa nikifuatilia historia ya hizi mashine, na naona kitu kimoja: kila mwaka zinakuwa werevu zaidi, na kila mwaka zinakuwa kimya zaidi.

Turudi 1978. Tarehe 3 Mei, Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Watu waliwaka! Lakini kichujio hakikuwepo. Adhabu ilikuwa kukaripiwa, basi. Mtandao ulikuwa kama mtaa mdogo ambapo kila mtu anajua mama ya mwenzake, kwa hivyo aibu ilitosha.

Mwaka 1994 aibu ikaisha. Mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Walikuwa wanauza nini? Huduma za bahati nasibu ya grini kadi. Ndiyo, ile ile ambayo mabango yake unayaona nje ya saiba za hapa kwetu. Malalamiko yalikuwa mengi hadi seva za kampuni iliyowapa intaneti zikalemewa. Wao wala hawakujali. Waliandika hata kitabu cha kufundisha wengine kutajirika hivyo.

Sasa wenye seva wakaamua kuweka bawabu. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake wakaanzisha orodha nyeusi ya anwani za mashine zinazotuma takataka. Seva yako ikipokea barua, inauliza kwanza kupitia DNS: huyu yuko kwenye orodha? Akiwepo, anafungiwa mlango. Shida ni kwamba anwani moja inaweza kutumiwa na mamia ya watu. Ni kama matatu kuzuiwa na polisi kwa sababu ya abiria mmoja, mkalala njiani nyote. Lakini angalau ulirudishiwa barua yako na kuambiwa umekataliwa. Ungeweza kwenda kulalamika.

Mwaka 2001 Justin Mason akatoa SpamAssassin, programu ambayo bado iko kwenye seva nyingi hadi leo. Hii haisemi ndiyo au hapana moja kwa moja, inahesabu pointi. Kichwa cha barua kina herufi kubwa tupu? Pointi. Mashine iliyotuma iko kwenye orodha nyeusi? Pointi. Ukifika 5, kama msimamizi hajabadilisha kiwango, wewe ni spamu. Ninachokipenda ni kwamba inaweza kuandika ndani ya barua yenyewe ni makosa gani yalikupa hizo pointi. Yaani hukumu inakuja na sababu zake.

Agosti 2002 Paul Graham akaandika makala iliyobadilisha mchezo. Alisema tuache kubahatisha sheria. Tuipe mashine barua nzuri na barua mbaya, ijifunze yenyewe ni maneno gani hutokea wapi, kwa hesabu za uwezekano zilizotokana na Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Lakini cheki hii: Graham aliyapa maneno ya barua nzuri uzito mara mbili, makusudi. Kwake, spamu ikipenya ni kero tu, lakini barua halali ikipotea ni hasara kubwa.

Hilo somo naona tumelisahau. Mwaka 2004 Bill Gates alitabiri kwamba spamu ingekuwa imemalizwa ndani ya miaka miwili. Wapi! Ilichofanya ni kutufukuza kwenye seva ndogo ndogo, tukakimbilia kampuni chache kubwa zenye vichujio vikali. Na tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinadai hati kamili kutoka kwa wanaotuma barua kwa wingi: SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM, ambayo ni sahihi ya kidijitali, na DMARC, inayosema barua ikifeli ifanyweje. Hata wewe mwenye domeini ndogo ya biashara yako unahitaji angalau moja kati ya mbili za kwanza. Kuziweka ni mistari michache tu kwenye DNS, kwa hivyo usiahirishe.

Sipingi vichujio. Bila hivyo, barua pepe ingekuwa imekufa zamani. Ninachopinga ni hukumu ya kimya. Kama wewe ndiye unayeweka kichujio kwenye seva ya shule, chama au ofisi, una njia tatu. Unaweza kuikataa barua pale mlangoni, ili aliyetuma apate taarifa. Unaweza kuiweka kwenye folda ya spamu, ili mwenyewe aikague. Au unaweza kuifuta kimya kimya. Hiyo ya tatu ndiyo dhambi, kwa sababu aliyetuma anadhani imefika, na aliyetumiwa hajui kulikuwa na kitu.

Mwizi akishikwa hupelekwa kortini na kusomewa mashtaka. Sioni kwa nini kijana aliyetuma maombi ya kazi apewe chini ya hapo. Kwa hivyo leo fungua folda yako ya spamu uikague. Kuna mtu anaweza kuwa anangoja jibu lako.