Mita 60 na Maji ya Ihefu: Hoja Kuhusu Sheria za Ardhioevu Tanzania

Tanzania haina uhaba wa sheria za kulinda ardhioevu. Iliingia katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, na maeneo yake manne yamo katika orodha ya mkataba huo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na bahari. Hoja ya makala hii ni kwamba utekelezaji umeelemea kuwadhibiti watu waliomo ndani ya mipaka, ilhali uhai wa ardhioevu hutegemea maji yanayotoka nje ya mipaka hiyo.

Ushahidi uko katika bonde la Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kinamasi cha Ihefu hupokea mito inayoshuka kutoka safu za Uporoto na Kipengere, kisha maji hutoka kwa kuvuka kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama na kuwa mto Ruaha Mkuu unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kina cha maji kikishuka chini ya kizingiti, mto hukatika. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi hiyo wakati wa kiangazi.

Lawama ziliangukia mifugo. Mwaka 1998 sehemu ya Usangu ikatangazwa kuwa pori la akiba, mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baadhi ya wafugaji waliishia Kilombero, ambako operesheni nyingine ya kuwaondoa ilifanyika mwaka 2012. Ni kweli kwamba makundi makubwa ya ng'ombe hukanyaga na kuharibu kinamasi. Lakini ng'ombe waliondoka na mto ukaendelea kukauka, kwa kuwa mpaka mpya haukugusa mabanio ya mifereji yaliyo juu ya Ihefu. Humo ndimo maji ya kiangazi yanamochepushwa kwenda mashambani, na mengine hupotea njiani bila kumwagilia chochote.

Tatizo hilo lina sura ya kisheria. Kibali cha kutumia maji hutaja kiasi, na kiasi hicho kikiwa hakibadiliki kwa msimu, mkulima mwenye kibali halali anaweza kuchukua mto wote mwezi Oktoba bila kuvunja sharti lolote. Nalo banio la saruji, lililojengwa kwa jina la uboreshaji, humpa uwezo zaidi wa kufanya hivyo kuliko banio la zamani la miti na mawe, ambalo lilivuja na kuwaachia walio chini chochote kitu.

Dawa imo katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo inayapa kipaumbele cha kwanza mahitaji ya msingi ya binadamu, cha pili mazingira, na baada ya hapo ndipo huja kilimo, viwanda na umeme. Pia inaweka utaratibu wa kutangaza akiba ya maji ambayo haigawiwi kwa mtumiaji yeyote. Kwa mpangilio huo, Ihefu iko mbele ya majaruba ya mpunga.

Watapinga wengine kwamba mpunga wa Mbarali, wilaya iliyomo bondeni Usangu, unalisha nchi. Hoja hiyo ina uzito, lakini mpunga hutegemea zaidi maji ya masika, wakati ambapo mito imejaa. Mgogoro ni wa kiangazi, na kinachohitajika ni kufunga mifereji isiyo na zao shambani na kugawana kwa uwiano maji yanayobaki, mashamba makubwa yakibanwa sawasawa na mwenye kinyungu, yaani bustani ndogo ya bondeni.

Kwa hiyo Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, inayosimamia maji ya Usangu, ipimwe kwa maji yanayovuka Ng'iriama kila mwezi wa kiangazi, na takwimu hizo zitangazwe hadharani. Jumuiya za watumia maji zipewe mamlaka ya kufunga mabanio kwa zamu, na vibali vyote vya Usangu viandikwe upya kwa misimu. Kabla ya hapo, kumhamisha mfugaji mwingine kwa jina la kuokoa mto hakuna msingi wa kisayansi wala wa haki.