"Ile pesa tuma kwenye namba hii": Jinsi ya kudili na simu na SMS za usumbufu

Simu inaita, namba huijui. Unapokea, mtu anajitambulisha kuwa anatoka "makao makuu" ya mtandao wako. Dakika tano baadaye inaingia SMS: "Mimi baba mwenye nyumba wako, mbona kimya? Nijibu kwa namba hii." Na wewe unaishi kwenu.

Kwa watumiaji wa simu Tanzania haya ni mambo ya kila siku. Wengi tunacheka na kufuta, lakini matapeli hawahitaji watu wote waamini. Wakituma kwa watu elfu moja, mmoja tu aliyekuwa anasubiri kutuma kodi siku hiyo anatosha. Hapa kuna mambo ya kujua na kufanya.

Kwanza, jua ni usumbufu wa aina gani

Matangazo: Ofa za bando, bahati nasibu, mikeka, maduka. Yanakera, lakini mengi ni ya kampuni halali.

Utapeli: "Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja…", "Jiunge na Freemason upate utajiri", mganga anayerudisha mali iliyopotea, au "mwalimu" anayedai mwanao ameanguka shuleni na inahitajika pesa ya matibabu haraka.

Mikopo ya mtandaoni: Unapata SMS kwamba fulani anadaiwa na wewe umwambie alipe, wakati hujawahi kumdhamini mtu. Hii hutokea kwa sababu baadhi ya programu za mikopo huchukua orodha ya namba zote kwenye simu ya mkopaji. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni.

Mlio mmoja wa nje ya nchi: Namba isiyoanza na +255 inabipu mara moja na kukata, ili wewe upige. Ukipiga, salio linakatwa kwa bei ya kimataifa. Dawa yake ni rahisi: usipige.

Namba tatu za kukariri

100: Hii ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya simu nchini. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inasisitiza kuwa mtoa huduma wako atakupigia kwa namba hii tu. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akisema anatoka mtandao fulani, kata simu.

15040: Hapa ndipo unaporipoti matapeli. Tuma ule ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, kisha fuata maelekezo utakayopata ili utume na namba iliyokutumia. Kubloku peke yake kunakusaidia wewe tu. Kuripoti kunasaidia laini hiyo ifungwe kabla haijamfikia bibi yako kijijini.

*106#: Hapa unaangalia laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Hii wengi hatuifanyi, na ni muhimu kuliko zote.

Kwa nini *106# ni muhimu hivyo?

Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila laini inatakiwa kuwa na mwenyewe anayejulikana. Tapeli hataki kutumia kitambulisho chake, anatafuta cha mwingine. Njia moja ni wakala asiye mwaminifu anayekwambia "weka kidole tena, haijasoma", kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako.

Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana kwenye mfumo ni lako. Kwa hiyo ukipiga *106# ukakuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na namba yako ya NIDA, uombe ifutwe.

Tumia simu yako yenyewe

Simu nyingi za Android zina sehemu ya kutambua na kuchuja simu za usumbufu kwenye mipangilio ya programu ya kupigia, na nyingine kwenye programu ya SMS. Ziwashe. iPhone ina chaguo la kunyamazisha namba usizozihifadhi: simu haiiti, lakini utaiona kwenye orodha ya simu ulizokosa. Angalizo: kama unasubiri simu ya interview au ya bodaboda anayeleta mzigo, lizime kwanza.

Kuhusu matangazo, usijibu kila SMS kwa neno "STOP". Kama ni huduma uliyojiunga, fuata maelekezo ya kujitoa yaliyo kwenye ujumbe, au piga 100 uombe uondolewe. Lakini kama SMS imetoka namba ya kawaida ya simu, usijibu kabisa. Jibu lolote, hata tusi, linamwambia aliyetuma kuwa namba yako ipo hewani na kuna mtu anasoma.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka mtu anayekutumia tangazo la biashara awe na ridhaa yako, ajitambulishe, na akupe njia ya kukataa ujumbe mwingine. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kama kampuni inatumia namba yako bila idhini na haisikii, unaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mitego ya kuangalia sana

"Nimekosea kutuma pesa, nirudishie": Usiamini SMS, angalia salio mwenyewe kwenye menyu. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie apige 100 ili mtandao urudishe muamala. Usitume mwenyewe.

"Nitajie namba uliyotumiwa": Namba za siri zinazoingia kwa SMS, zikiwemo zile sita za WhatsApp, ni ufunguo wa akaunti yako. Hakuna mtu anayestahili kutajiwa, hata rafiki. Huenda akaunti ya rafiki huyo nayo imeshachukuliwa.

"Bonyeza nyota, 21, nyota…": Hapo unaelekeza simu zako ziende kwa tapeli. Kama ulishabonyeza, piga ##002# kufuta maelekezo yote ya aina hiyo.

"Mtoto amelazwa, tuma haraka": Kata, kisha piga shule au ndugu kwa namba uliyonayo siku zote. Dakika mbili za kuhakikisha hazitamdhuru mtoto.

Pesa imeshaenda. Nifanye nini?

1. Piga 100 muda huohuo, uombe muamala uzuiwe. Kama tapeli hajaitoa, kuna nafasi ya kuipata. Kila dakika ina maana.

2. Badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya pesa.

3. Usifute kitu. Piga picha za skrini: SMS, namba, muda na kumbukumbu ya muamala.

4. Nenda kituo cha polisi, toa maelezo na upate RB.

5. Ripoti namba hiyo 15040.

La mwisho: wazazi wetu ndio wanaolengwa sana, hasa wenye kitochi ambacho hakichuji chochote. Ukienda nyumbani, mpigie mama *106# kwenye simu yake, muandikie 100 na 15040 kwenye karatasi, na mkubaliane jambo moja: ujumbe wowote wa kuomba pesa, lazima akusikie sauti kwanza kwa namba yako anayoijua.