Kichocheo Endelevu: Maelezo ya Istilahi

Kichocheo ni istilahi ya kemia iliyozaliwa humu humu katika lugha yetu, nayo hutajwa kwa kila kitu ambacho, kikitiwa kwa uchache baina ya kemikali, huziharakisha zipate kugeuka kuwa kitu kingine, kisha chenyewe hutoka katika mmenyuko ule na dhati yake ile ile, tayari kuifanya kazi hiyo tena na tena. Mwanazuoni wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 1835, akalichukua katika Kiyunani kwa neno lenye maana ya kufungua au kulegeza; Waarabu husema haffaz, yaani mwenye kuhimiza; nasi tukakiendea kitenzi cha kuchochea, ambacho asili yake ni kusukumiza kuni jikoni ili moto uwake zaidi.

Na hapo ndipo penye haja ya hadhari, kwa sababu mchochea moto huongeza moto, ilhali kichocheo cha kemia hakiongezi joto wala nguvu yoyote. Kila mmenyuko una kizingiti cha nishati ambacho molekuli haziwezi kukivuka ila zipate nguvu ya kutosha, na ijapokuwa mtu aweza kuwasha tanuri kali azilazimishe, kichocheo huzifungulia njia nyingine yenye kizingiti kilicho chini zaidi, zikapita kwa joto dogo. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa akitaka kulifahamu jambo hili barabara, na amfikirie mshenga aendaye baina ya nyumba ya Kibokoni na nyumba ya Kuze, akapeleka posa na kuleta jawabu, hata nikaha ikafungwa, kisha akarudi kwake vile vile alivyotoka, na kesho akatumwa na watu wengine. Kwa rai yangu neno kichocheo lisiachwe, maadamu limekwisha kukaa vitabuni na katika ndimi za walimu, bali mwanafunzi aelezwe tangu mwanzo kwamba uchochezi huu ni wa kufungua njia. Tena aelezwe kuwa neno hilo hilo hutumika pia kwa homoni za mwilini, asije akazichanganya maana mbili.

Ama sifa ya endelevu, hiyo hukihusu kichocheo chenyewe pamoja na kazi yake. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963 kikaacha kusafisha mwaka 2013, kilikuwa cha aina ile ambayo nafta hupitishwa juu ya platini ili itoke petroli iliyo bora. Na platini ni madini adimu, ya ghali, ambayo aghalabu hutoka Afrika Kusini. Kichocheo endelevu hutafutwa katika vitu vilivyo vingi ardhini, kama chuma, nikeli na titani, navyo hutakiwa kufanya kazi kwa joto dogo au kwa mwanga wa jua.

Titani hatuna haja ya kuifuata mbali. Ng'ambo ya maji ya Kilindini, upande wa Likoni, ndipo ulipokuwa ukipakiwa melini mchanga mzito uliochimbwa Kwale hadi mwisho wa mwaka 2024, na ndani yake ilmenaiti na rutili. Rutili ni oksidi ya titani, na ni fuwele ya rutili hasa ambayo Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, waliitumia mwaka 1972 walipotangaza kuwa, ikipigwa na mwanga ndani ya maji, maji hupasuka yakawa hidrojeni na oksijeni, ijapokuwa fuwele hiyo walikuwa wameiunganisha kwa waya na kipande cha platini. Ila ya rutili ni kuwa hupokea mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni kama sehemu 5 katika 100 za nuru ya jua itufikiayo. Kwa hiyo watafiti huibadili, wakaondoa oksijeni kidogo wakatia nitrojeni, au metali hii na ile, na michanganyiko iwezekanayo ni mingi mno kwa maabara yoyote kuijaribu yote.

Hapa ndipo inapoingia kemia ya ukokotozi, jina ninalolipendelea kuliko kemia ya kompyuta, kwani kompyuta ni chombo tu, na kazi yenyewe ni hesabu. Walter Kohn, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, alionyesha pamoja na Pierre Hohenberg mwaka 1964 kwamba si lazima kuifuata kila elektroni peke yake; ukiujua msongamano wa elektroni zote kila mahali, nishati ya kitu kizima hujulikana, na urefu wa kizingiti waweza kukadiriwa. Hesabu za namna hiyo zilifundishwa Eldoret mwaka 2012, katika skuli ya Afrika ya miundo ya elektroni iliyowakusanya vijana wa nchi mbalimbali. Na kwa programu kama Quantum ESPRESSO, ipatikanayo bila ya malipo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi kule Tudor aweza kuipima rutili ya Kwale kwa hesabu kabla hajanunua hata chupa moja ya kemikali, kisha michanganyiko michache iliyo bora akaenda nayo maabara, kwa kuwa fuwele halisi ina kasoro na unyevu ambao hesabu aghalabu huuacha nje.