Njia ya mbung'o, kutoka Gendabi hadi Tinde

Simulizi iliyozoeleka kwa wafugaji wa Hanang ni fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe, maboma yakabaki matupu, vichaka vikaota palipokuwa malisho. Wanyamapori wakarejea, na mbung'o akawafuata. Wanahistoria wengi wa Tanganyika wanaikubali, na sina sababu ya kuitupa. Lakini inaeleza jinsi mdudu alivyofika, haielezi alichobeba. Kimelea kinachomkondesha ng'ombe kwa nagana, ndicho hicho kinachomuua mtu kwa malale?

Gendabi iko chini ya Mlima Hanang, katika nchi ya Wadatoga na Wairaqw. Hapa maarifa ya mbung'o ni maarifa ya malisho: bonde gani uliepuke, kichaka gani usipitishe ndama. Nilimuuliza mzee mmoja. "Mwanangu," akasema, "ng'ombe akitoka kule manyoya yanasimama, anakula lakini anakonda. Mwenye mimba anatupa." Na watu, mzee? "Mtu ni habari ya hospitali." Jibu zuri, ila linaweza kusomwa kwa namna mbili. Mzee ameona magonjwa mawili, au ameona ugonjwa mmoja kupitia milango miwili?

Nikageukia maandishi. Zamani Hanang ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, kwa hiyo mtafutaji anaanzia kwenye kumbukumbu za Mbulu. Kumbukumbu za utawala wa kikoloni huhesabu kodi, mvua na mifugo. Ng'ombe aliyefia porini ni tarakimu tu: bila hadubini, hakuna wa kusema kilichomuua. Na hata hadubini ingekuwapo isingesaidia sana, maana kimojawapo cha vimelea vya nagana na kile cha malale hufanana kama watoto pacha. Jicho likishindwa kuwatenganisha, ni nini kitakachoweza?

Swali hili lina umri mkubwa. Mwaka 1895, huko Zululand, kimelea kilionekana katika damu ya ng'ombe wenye nagana. Mwaka 1910 kimelea kutoka kwa mgonjwa wa malale aliyetoka bonde la Luangwa, Zambia ya leo, kilipewa jina lake: rhodesiense. Wakatokea waliosema ni kitu kimoja chenye majina mawili, na tiba yao ilikuwa kuua wanyamapori. Karibu na 1913 daktari mmoja Mjerumani alijidunga damu ya mnyama mwenye vimelea ili kuwapinga. Hakuugua. Ujasiri wake nauvulia kofia, lakini mwili mmoja uliosalimika unathibitisha nini?

Kutafuta jibu, njia inateremka kutoka Katesh ya Hanang kwenda Singida, Nzega, mpaka Tinde, njia panda ya Shinyanga ambayo madereva wa malori wanaijua kuliko wanasayansi. Mwaka 1934 lilianza hapo jaribio ambalo lilipita miaka 18 bila kukoma. Kimelea kutoka kwa mgonjwa wa malale kilipandikizwa kwa kondoo na swala. Mbung'o akawauma hao, kisha akawauma wengine, kizazi kwa kizazi. Kila baada ya muda kilirudishwa kwa binadamu kuona kama bado kinaweza kumwambukiza. Ripoti zinasema watu hao walijitolea. Katika koloni la miaka ya 1930, aliyejitolea alikuwa na mlango wa kukataa?

Matokeo yaliwashangaza waliotarajia kimelea kisahau kumwambukiza mtu. Baada ya miaka yote hiyo ndani ya wanyama, bado kiliambukiza watu. Basi mnyama anaweza kukitunza kimelea cha mtu kwa muda mrefu. Lakini Tinde ilikuwa maabara. Wanyama walichaguliwa na mbung'o walifugwa. Ushahidi wa porini ulikuja baadaye, Nyanza nchini Kenya. Mwaka 1958 kimelea kilichotolewa kwa pongo kilimwambukiza mtu aliyekubali kudungwa. Mwaka 1966 ilithibitishwa kwamba ng'ombe wa Alego naye alikuwa nacho. Ng'ombe wa nyumbani, si pofu wala nyati! Je, ingelazimu kila ng'ombe anayeshukiwa apimwe kwa mwili wa mtu?

Ufunguo ulikuwa umeonekana tangu 1902, mjini Paris: majimaji ya damu ya binadamu yaliua vimelea vya nagana ndani ya panya. Ilichukua karne nzima kujua sababu. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba kinachoviua ni protini ya damu yetu iitwayo APOL1. Kimelea huimeza, nayo hutoboa matundu ndani yake. Kimelea cha malale cha rhodesiense kina jeni moja ya ziada, SRA, inayotengeneza protini ya kuikamata APOL1 kabla haijafanya kazi. Mwaka 1998 watafiti walikuwa wameshaitia jeni hiyo katika kimelea cha wanyama, nacho kikaanza kustahimili damu ya mtu. Tangu 2001 tone la damu ya ng'ombe linatosha: nakili vinasaba vya kimelea kilichomo, tafuta SRA. Je, kipimo hicho kinaiacha salama ile simulizi ya pori?

Nadhani kinaidai nyongeza. Malale yalipolipuka Soroti, Uganda, mwaka 1998, nyayo ziliishia kwenye mnada, ambako ng'ombe waliletwa kutoka maeneo yenye ugonjwa, na SRA ikapatikana katika ng'ombe wa huko. Kimelea kilisafiri kwa biashara. Pori nalo halijafutiwa lolote: mwaka 2001 watalii waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao na malale, na Tarangire iko Manyara, mkoa huo huo wenye Gendabi. Siwezi kusimama upande mmoja tu. Pori na mnada vinapokutana kwenye bonde moja, nani anamwambukiza nani?

Sayansi sasa inauliza swali la ndani zaidi: kimelea kinahitaji nini ili kiishi ndani ya mnyama? Vinasaba vyake vilisomwa vyote mwaka 2005, jeni zipatazo 9,000, mamia kati yake zikiwa za kubadilisha koti la nje ili kinga ya ng'ombe isikitambue. Kufikia 2011 watafiti walikuwa na mbinu ya kuzichuja zote kwa mkupuo. Huchukua kundi kubwa la vimelea, kila kimoja kikiwa kimenyamazishiwa jeni moja, na kuliweka kwenye mtihani. Kinachotoweka kimetaja jeni ambayo hakiwezi kuishi bila hiyo. Kinachosalia kimetaja jeni iliyokuwa kizuizi chake. Mwaka 2014 mtihani ulikuwa ishara inayoviamuru vimelea viache kuzaana na vijiandae kuingia tumboni mwa mbung'o. Jeni za amri hiyo zikajitokeza. Vimelea, kumbe, huhisi wingi wao katika damu! Lakini kazi hiyo ilifanyika kwenye chupa na panya wa maabara. Je, itasimama ndani ya zebu wa Hanang, aliyeshadungwa dawa mara kadhaa na kuuzwa mara mbili?

Hapo ndipo mashaka yangu yanapobaki. SRA inasema ng'ombe huyu anaweza kumwambukiza mtu. Haisemi aling'atwa wapi: kando ya Tarangire, bonde la Kiru, au njiani kutoka mnada wa mbali. Tone la damu halina anwani. Kibali cha kusafirisha mifugo huandika anakotoka ng'ombe na anakopelekwa. Vichaka alivyolala njiani, nani anaviandika?