Nukta zinazopepesa

Leo tuweke programu kando kidogo, twende maabara (usijali, programu zitarudi).

Wengi tulisikia habari za nukta za kwantamu kupitia skrini za televisheni, au mwaka 2023 Ekimov, Brus na Bawendi walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mimi hunivutia zaidi kisa kidogo cha Paris, mwaka 2003.

Tatizo lilikuwa hili. Ukitaka kufuata protini moja kwenye seli hai, unaibandika rangi inayong'aa ikimulikwa. Rangi za zamani zilichujuka haraka: sekunde chache, kisha giza. Nukta ya kwantamu ni fuwele ya nanomita chache tu, mara nyingi ya kadimiamu na seleniamu, nayo haichujuki upesi. Mwaka 1998 makundi mawili ya Marekani yalionyesha kwamba inafaa kuwa alama ya kibiolojia.

Maxime Dahan, Antoine Triller na wenzao wakazibandika kwenye vipokezi vya glisini, juu ya utando wa niuroni za uti wa mgongo. Sasa kipokezi kimoja kilifuatwa kwa dakika kadhaa. Wakakiona kikirandaranda kwenye utando mpaka kikaingia katika sinapsi. Sinapsi niliyochorewa shuleni ilikuwa imetulia tuli!

Kuingia ndani kabisa ni kugumu zaidi, maana seli ikimeza nukta huzifungia kwenye vifuko. Hata hivyo, mwaka 2006 ilichapishwa kazi iliyofuata kinesini, protini inayobeba mizigo, mojamoja ndani ya seli hai.

Sasa turudi kwetu. Nukta hizi hupepesa: huwaka, huzima, huwaka tena bila ratiba. Wanabiolojia walifaidika, kwa kuwa rundo la nukta halizimi zote pamoja. Ukiona inapepesa, yaelekea ni moja. Lakini wewe unayeandika programu? Fremu ya 40 nukta ipo, 41 hadi 45 haipo, 46 inatokea pikseli tatu kando. Ni ile ile au jirani yake? Ukikosea, umebuni safari ambayo haikufanyika.

Mwaka 2008 Khuloud Jaqaman, Gaudenz Danuser na wenzao walitoa jibu zuri: unganisha kwanza fremu kwa fremu, halafu unga vipande vya njia kwa kupima gharama za miungano yote kwa pamoja. Mliosoma algoriti mtalitambua, ni lile tatizo la kugawia wafanyakazi kazi kwa gharama ndogo. Programu yenyewe inaitwa u-track, imeandikwa kwa MATLAB, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuuchungulia.